Cheti Ukutani, Mwenyewe Nyumbani

Mtaani walimwita Bi Lebo. Jina hilo alipewa na wenzake enzi za dirisha la dawa la hospitali, kwa kuwa hakuweza kushika kitu chenye maandishi asiyasome. Pakiti ya chumvi aliisoma. Sabuni ya unga aliisoma. Kwenye harusi ya mpwa wake alionekana akigeuzageuza chupa ya maji wakati bibi harusi anaingia ukumbini, na shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwacheni, anahakikisha maji hayajaisha muda."

Alikuwa mfamasia kamili, amesajiliwa na amekula kiapo, na kazi yake aliifanya kwa macho. Mtu akifika dirishani na karatasi ya daktari, Bi Lebo alimtazama yeye kwanza, karatasi baadaye. Anahemaje? Miguu imevimba? Macho yana rangi gani? Wenzake walimtania kwamba anapima watu kama mnunuzi wa ng'ombe. Aliuliza swali lake moja au mawili, akatoa dawa, akamwita anayefuata.

Kisha mama yake akapata kiharusi. Upande mzima wa kulia ukafa ganzi, na ikawa lazima awepo mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumbadilisha shuka. Bi Lebo akaacha kazi hospitalini, akahamia nyumbani kwa mama. Hapo ndipo mdogo wake wa kiume alipokuja na wazo lake.

Huyu mdogo wake watu walimwita Tajiri, kwa utani tu, maana kila biashara aliyoigusa ilimfia mikononi: saluni, vipuri vya pikipiki, maji ya chupa. Sasa alitaka duka la dawa. Chumba amepata kwenye kona ya barabara kuu, rafu amechongesha, friji amenunua. Kilibaki kitu kimoja.

"Dada, sheria inataka mfamasia," alisema, amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama. "Cheti chake kining'inie mbele, watu wakione. Bila hicho, kibali sipati."

"Sheria inataka mfamasia mwenyewe, awepo muda wote duka likiwa wazi. Na mama atageuzwa na nani?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe mtunze mama, mimi nitunze duka, cheti kitutunze sote. Kwani nani hafanyi hivyo? Tembea barabara yote hii, ukimwona mfamasia hata mmoja nyuma ya kaunta, nipige kofi."

Alikuwa anasema kweli, na Bi Lebo alijua. Vyeti vilining'inia maduka yote, wenyewe wako mbali, wengine hawajui hata duka lao liko upande gani wa barabara. Akamtazama mama, ambaye jicho lake zima lilikuwa likiwafuata kila mmoja anapozungumza. Dawa za mama zilitoka mfukoni mwa Tajiri.

Akakubali kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyompa usingizi. Ufunguo wa kabati la dawa kali atakaa nao yeye. Muuzaji atamchagua yeye. Na dawa yoyote inayohitaji mtaalamu haitatoka mpaka muuzaji ampigie simu kwanza. Alipotia saini fomu ya baraza la wafamasia, iliyosema kwamba msimamizi atakuwepo dukani saa zote za kazi, kalamu ilisita kwenye neno "zote". Kisha ikapita.

Muuzaji aliyemchagua ni Mama Pacha, mjane mwenye maneno mengi aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi. Mikono yake ilikuwa misafi na uaminifu wake ulipita kiasi. Alipiga simu kwa kila kitu, hata plasta.

"Bi Lebo, kuna baba hapa ana mafua."

"Mpe ya mafua."

"Ile ya kulaza au isiyolaza?"

"Muulize kama anaendesha gari."

"Ngoja... Anasema gari angelitoa wapi."

"Basi mpe ya kulaza."

Duka likashika. Tajiri akaanza kuvaa shati la mikono mirefu na kuwaambia watu "sisi wa sekta ya afya". Jumapili, jirani akikaa na mama, Bi Lebo alikwenda kukagua rafu moja baada ya nyingine: tarehe za kuisha muda, joto la friji, maboksi ya chini yasiloe. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Cheti chake kilikuwa juu ya kaunta ndani ya fremu ya kioo, na picha yake ya ujana iliwatazama wanunuzi wiki nzima kwa niaba yake.

Barabara ile ilikuwa na utaratibu wake. Gari la wakaguzi likitokea mwanzo wa barabara, simu zililia duka hadi duka. Wasio na vibali walishusha milango. Wenye vyeti vya watu waliwaita wenye vyeti. Mama Pacha alisema maneno mawili tu, "Wageni hao," na Bi Lebo akamwacha mama kwa jirani, akapanda pikipiki, akaingia kwa mlango wa nyuma na kuvaa koti jeupe lililomsubiri msumarini.

"Mbona unahema, mama?" mkaguzi alimuuliza safari moja. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, anayezungumza taratibu.

"Nilikuwa napanga maboksi."

Mkaguzi akatazama friji, akatazama kabati, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Halafu watu wakaanza kumshukuru. Ya kwanza ilikuwa sokoni, mbele ya meza ya nyanya. Mwanamke asiyemjua alimshika mkono. "Daktari, Mungu akubariki. Dawa yako imenitoa mbali." Bi Lebo akatabasamu, akaenda zake, kisha akageuka. Aliona mgongo tu, na kikapu. Alikuwa anaumwa nini yule? Alipewa nini? Wakaongezeka. Fundi wa redio alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Bibi mmoja alimbusu kiganja. Wote walikuwa wamemeza neno lake, naye hakuwajua kwa sura. Akaanza kupita njia ya nyuma akienda sokoni.

Jirani mwingine, wa ukuta mmoja naye, alikuwa fundi cherehani, mwanamke mcheshi aliyengoja mtoto kwa miaka mingi na sasa mimba ilikuwa imefika miezi ya mwisho. Mtaa mzima ulikuwa ukiilea mimba hiyo kwa maneno. Asubuhi moja alileta shuka za mama alizozipinda, akakaa kwenye kizingiti, mkono juu ya tumbo.

"Mgongo umeniachia, dada. Zile dawa zako ni kiboko."

Bi Lebo alikuwa akikunja shuka. Akaacha. "Dawa zangu zipi?"

"Si ulizoniagizia dukani? Mama Pacha alikupigia nikiwa nimesimama hapo hapo. Asubuhi na jioni, baada ya kula. Zikiisha nafuata nyingine, na anajua sasa, hata hakusumbui tena."

Simu yenyewe aliikumbuka. Alikuwa amemshika mama ubavuni, shuka imelowa, simu ameibana kati ya sikio na bega. Mama Pacha alisema kuna mama mmoja, mgongo unamuua, anashinda amekaa kwenye kiti. Naye akamtajia dawa ya maumivu mara moja: mpe diklofenaki. Dirishani, tumbo kama lile asingehitaji kuliulizia, lingeingia kabla ya mwenyewe. Mama Pacha aliliona tumbo, lakini hakujua dawa ile haipewi mwenye tumbo la miezi hiyo. Yeye aliyejua alikuwa nyumbani, anakamua shuka.

"Mtoto anacheza?" aliuliza.

Fundi akacheka. "Huyu? Zamani alikuwa ananipiga mateke nisilale. Siku hizi ametulia kama mgeni. Mama mkwe anasema nitazaa mtoto mwenye adabu."

"Vaa viatu."

"Kuna nini?"

"Vaa viatu, mdogo wangu. Tunakwenda hospitali."

Mama alimwachia jirani wa siku zote, na ndani ya teksi akamweleza fundi yote, bila kupunguza. Fundi hakulia. Alitoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Bi Lebo, akauweka juu ya tumbo pamoja na ule mwingine, akageuza uso dirishani.

Daktari wa zamu alisikiliza tumbo, akapima, akasikiliza tena. Maji ya uzazi yalikuwa yamepungua, na moyo wa mtoto ulikuwa ukienda kwa kusuasua.

"Amekuwa akimeza nini?"

Bi Lebo alitaja dawa, nguvu yake, na muda.

"Mimba ikiwa hivi? Nani alimpa?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mfamasia."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ulimwona lakini?"

"Sikumwona."

"Nitapeleka taarifa baraza. Sheria hainipi hiari."

"Peleka," alisema Bi Lebo.

Walimpasua fundi siku hiyo hiyo. Mtoto wa kike, mdogo kama kiatu, akawekwa kwenye mashine ya joto akiwa na mrija puani. Kila aliyeuliza aliambiwa neno moja: tusubiri. Mume wa fundi alisimama nje ya kioo, na Bi Lebo aliposogea, alihama akasimama upande wa pili.

Tajiri alimkuta nyumbani, akimlisha mama supu.

"Mkaguzi anakuja kesho," alisema kabla hata ya kukaa. "Nimeongea na mtu anayejua mambo haya. Utasema ulitoka kidogo kunywa chai, Mama Pacha akauza kwa kichwa chake. Basi."

"Na Mama Pacha?"

"Atapigwa faini, nitamlipia."

"Kutoa dawa bila leseni na mtu akadhurika? Hapo hakuna faini, mdogo wangu. Hapo ni jela."

"Na wewe wakikufutia usajili? Utakula nini? Mama atameza nini?" Akamwelekeza kidole mama, kisha akaona aibu, akakishusha. "Dada, nakuomba. Maisha yangu yote sijapata kitu kilichosimama isipokuwa duka hili."

Jicho la mama lilikuwa likimtazama Bi Lebo. Supu ilimtiririka kidevuni. Bi Lebo akaifuta.

"Nimekusikia," alisema, na Tajiri akaondoka akiamini amekubaliwa.

Asubuhi Bi Lebo aliingia dukani kwa mlango wa mbele. Mama Pacha alikuwa ameshafungua. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri ya kutokea, na chini ya kaunta palikuwa na mfuko umefungwa.

"Wanangu pacha nimewapeleka kwa dada yangu," alisema huku akifuta kioo kilichokwisha kung'aa. "Tajiri amenieleza. Sikulaumu, Bi Lebo. Ila nilikupigia."

"Ulinipigia."

"Nilikupigia," alirudia Mama Pacha, kama mtu anayetaka walau ukuta usikie.

Mkaguzi alikuja na mwenzake. Alikuwa yule yule wa miwani. Safari hii hakutazama friji wala kabati. Tajiri alikuwa amesimama mlango wa nyuma, shati lake limelowa makwapani.

"Siku mgonjwa huyu alipopewa dawa," mkaguzi aliuliza, "wewe ulikuwa wapi?"

Mama Pacha akaacha kufuta kioo. Nje, mtu alipita akipiga mluzi.

"Nyumbani kwa mama yangu," alisema Bi Lebo. "Huyu alinipigia, nami nikamwambia ampe. Alifanya nilivyomwagiza. Mgonjwa sikumwona."

"Ilitokea mara moja?"

"Ndivyo tulivyofanya kazi tangu duka lifunguliwe."

Tajiri alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari, akatoka uani. Mkaguzi akapanda kwenye stuli, akakitoa cheti, akakilaza mezani kifudifudi. Mwenzake akaushusha mlango wa bati hadi katikati na kuanza kutoa karatasi za kufungia duka. Mama Pacha alikaa juu ya mfuko wake akalia bila sauti. Mkaguzi akamwambia asiende popote, naye ana maelezo ya kutoa.

"Usajili wako umesimamishwa kuanzia sasa, mpaka baraza likae," mkaguzi alisema. "Mengine yatategemea mtoto. Lakini kuna jambo haliwezi kusubiri baraza. Wengine waliopewa dawa kwa simu, lazima tuwapate. Nitajie."

Bi Lebo akafungua mdomo. Alichokuwa nacho kichwani ni sauti ya Mama Pacha peke yake: kuna baba mmoja, kuna bibi mmoja, kuna kijana hapa. Alitafuta sura moja ya kuiweka juu ya maneno yale, asiipate. Alimgeukia Mama Pacha, naye akatikisa kichwa. "Walikuwa wapita njia, Bi Lebo. Wengi ni wapita njia."

Mtu akagonga mlango wa bati.

"Daktari yupo?" ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima. "Nimekuja kuongeza zile zile."

"Duka limefungwa, baba," alisema yule mkaguzi wa pili.

"Mwacheni aingie," Bi Lebo akasema. "Nimwone."

Mkaguzi akamtazama, kisha akaashiria aachwe. Yule mtu akainama kwa shida, akapita chini ya bati, akasimama kwenye mwanga. Uso wake ulikuwa umejaa kama wa mtu aliyelala kupita kiasi. Alivaa ndara zilizokatwa kanda, na miguu ilikuwa imefura ikamwagika pembeni mwa soli.

"Kumbe ndiye wewe," alimwambia Bi Lebo kwa furaha. "Nakumeza kila siku, leo ndiyo tunaonana."

Bi Lebo alimvutia kiti.

"Kaa, baba," alisema, akapiga goti kutazama ile miguu. "Niambie. Ulianza kuzimeza lini?"