Kasuku Aliyesema kwa Sauti ya Baba

Nilipokuwa mtoto, kule Masakta, watu walikuwa wakija nyumbani kwetu kuamkiwa na ndege. Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na baba ndiye aliyemleta. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoanza kununua na kuuza kitu, na baba alikuwa utingo wa lori lililobeba mbaazi na vitunguu kwenda mikoa ya magharibi. Wenzake walirudi na redio au mitumba. Yeye alirudi na ndege ndani ya kikapu.

Alimfundisha maneno machache tu. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa, alisimama mbele ya tundu akasema, "Shikamoo mama! Umeamkaje?" Siku moja ndege akayarudisha maneno hayo, kwa sauti ileile ya baba, nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa mtu aliyetoka usingizini. Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa akipita na kuni. Akajibu, "Marahaba, Lohay, nimeamka salama." Alipogeuka akamwona baba yuko nje anafunga kamba za viatu. Tulicheka sana. Bibi hakucheka.

"Sauti ya mtu ni pumzi yake," alisema. "Huyu ndege amekunywa pumzi ya mwanangu. Mtunzeni. Siku akinyamaza, mjue pumzi hiyo imekatika."

Kwetu mambo ya namna hiyo yalisemwa mara nyingi. Jumapili tulikwenda kanisani, na Jumatatu tuliyaamini ya bibi, wala hatukuona ugomvi kati ya hayo mawili.

Baadaye baba aliacha lori akaenda Mererani kuchimba tanzanaiti, kama vijana wengi wa Hanang walivyofanya. Alisema atarudi kabla ya mavuno. Tukavuna bila yeye. Simu hazikuwepo, habari zilikuja kwa midomo ya abiria. Mmoja alisema kamwona, mwingine alisema hajamwona. Kilichobaki nyumbani ni ile sauti. Kila kulipokucha ndege alisema, "Shikamoo mama! Umeamkaje?" na bibi, akiwa bado kitandani, alijibu, "Marahaba, mwanangu." Kisha aliamka akaendelea na kazi zake kama mtu aliyepata barua.

Nilimuuliza mwalimu wangu kama kasuku anajua anachosema. "Anaiga tu, kama mwangwi," alinijibu. "Haelewi kitu." Nikalipeleka jibu hilo kwa bibi.

"Mwulize mwalimu wako," alisema, "mbona haniamkii jioni? Anajua kuwa ni asubuhi."

Mama alikuwa akipepeta mahindi kwenye ungo. Bila kuinua kichwa akasema, "Jana alimwamkia mbuzi."

Mama alikuwa mtu wa Kondoa, si msemaji. Tangu baba aondoke hakuna aliyemwona akilia. Alilima, alikamua, alipeleka mbaazi mnadani Katesh, na alipomtaja mume wake alisema "Baba Paskalina," kwa sauti ambayo mtu angemtajia mwenyekiti wa kijiji. Bibi alilipokea hilo vibaya. "Moyo wake ni jiwe," nilimsikia akimwambia baba mdogo. Baba mdogo, mdogo wake baba, hakuishia hapo. Shamba la baba, lililokuwa karibu na kijito, ndilo lililokuwa zuri kuliko yote ya ukoo. Alisema mwanamke asiye na mume, aliyezaa binti tu, hana la kufanya na shamba lile. Afadhali arudi kwao na mtoto wake. Bibi hakukubali, lakini pia hakukataa. Mimi nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba mtoto huyo ni mimi.

Kisha baridi ikaingia. Wanaoijua Masakta wanaujua upepo unaoshuka kutoka Mlima Hanang katikati ya mwaka. Kasuku akajikunyata, akaanza kujinyonyoa manyoya kifuani, akakataa mahindi. Na asubuhi moja hakusema kitu.

Bibi alisubiri kitandani. Baadaye akauliza, "Paskalina, amesema?"

"Bado, bibi."

Kesho yake aliuliza tena, na keshokutwa. Kisha hakuuliza. Alijifunga kitambaa cheusi kichwani na akawa anakula kidogo sana. Majirani wakaanza kuja kutoa pole. Mama aliwakaribisha, akawapa chai, lakini pole zao hakuzipokea.

"Simlilii mtu ambaye sijaletewa habari zake," alisema. "Ndege ana baridi."

Akalihamishia tundu jikoni, karibu na mafiga, mahali alipofanya kazi peke yake kuanzia alfajiri. Wiki ile baba mdogo alionekana akilipima shamba letu kwa hatua.

Yaliyofuata yalitokea mchana, baridi ilipokuwa imeanza kulegea. Mama alikwenda kuteka maji. Bibi na mimi tulikuwa jikoni tunapukuchua mahindi. Kasuku alikuwa ameshapata nguvu, anatembeatembea juu ya kijiti chake, lakini alikuwa hajasema neno tangu anyamaze.

Akasema, "Lohay, rudi."

Haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa ya mama, ila ya chini, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Rudi tu, Lohay. Rudi hata mikono mitupu." Halafu ikafuata kwikwi, moja na nyingine, na mtu akivuta kamasi, na mwisho kikohozi cha anayejikaza ili asisikike. Ndege aliyatoa yote hayo akiwa anatazama mlango kwa jicho moja. Kisha akayarudia.

Bibi alibaki na gunzi mkononi. "Nani huyo?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mama."

Mama alipotokea na ndoo kichwani, kasuku alikuwa anaanza tena: "Lohay, rudi." Mama alisimama mlangoni. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyefunguliwa mlango wakati anaoga. Nilidhani atakimbia. Bibi akainuka, akamwendea, akaitua ndoo ile kutoka kichwani mwake. Kwetu mama mkwe hamtui mkamwana ndoo wakati mjukuu amekaa hapo na mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu," alimwambia.

Mama alijibu, "Asante, mama," akakaa chini kwenye kigoda, na safari hii alilia mbele yetu.

Habari zililetwa mvua zilipoanza, na kijana wa Katesh aliyekuwa akichimba na baba. Kifua, alisema. Aliugua kipindi cha baridi, wakamzika kulekule. Siku yenyewe hakuikumbuka. Bibi alinitazama mimi, nami nilijua anachokiwaza. Sijapata kujua kama alikuwa amekosea.

Baada ya msiba ukoo ulikaa kikao sebuleni. Baba mdogo alizungumza kwa upole, kama mtu aliyejiandaa. Alisema habari za shamba, akasema habari za Kondoa, na mwisho akasema, "Mama, huyu mwanamke hata kulia hakumlilia ndugu yangu."

"Amemlilia," bibi akasema.

"Lini? Nani alimsikia?"

"Mimi nilimsikia." Hakueleza alisikiaje. "Huyu ni mwanangu. Shamba ni lake na la Paskalina. Mwenye neno jingine asubiri mimi nife."

Kikao kikaishia hapo.

Kasuku aliishi nasi mpaka nilipokaribia kumaliza sekondari, na sauti ya baba hakuitoa tena. Bibi alisema aliinyamazia kwa heshima ya marehemu. Mimi nadhani ni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkumbusha. Kuhusu swali nililomuuliza mwalimu, sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye, na jibu langu ni kama lake: ndege yule hakuelewa neno hata moja, si la baba wala la mama. Alichukua alichokisikia mara nyingi na kwa nguvu. Lakini chini ya paa lile walikuwemo wanawake wawili waliompenda mtu mmoja, wakapishana kila siku bila kuambiana, na asiyeelewa ndiye aliyewasemea. Mama bado yuko Masakta. Mwaka huu amepanda mbaazi.