Kiti cha Sengi Kwenye Udongo wa Mbuga

Dada mkubwa wa baba yangu alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kule Nkololo, na tangu siku hiyo miguu yake haikumbeba tena. Alilazwa wiki nyingi. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alipewa kiti mwendo kipya kinachong'aa, lakini alirudi nacho kijijini mvua zikiwa zimekolea.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Bariadi mjini. Natengeneza mageti, madirisha na baiskeli zilizokatika fremu. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta katikati ya uwanja, magurudumu madogo ya mbele yamezama kwenye tope, naye amekunja mikono kama mtu anayesubiri mkutano uanze.

"Mwangaluka, sengi," nilimwamkia. Kwetu shangazi ni sengi.

"Mwangaluka, baba. Niko hapa tangu chai. Wamekwenda kuita watu wa kuning'oa."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Yeye akacheka zaidi yangu.

"Kiti hiki kimezaliwa kwenye sakafu," alisema. "Wodini kilikuwa kinakimbia kama ndama. Huku kwetu hakijui kutembea. Wewe si fundi? Kifundishe."

Nikarudi mjini na kiti nyuma ya pikipiki. Utotoni niliwaona watu wenye hali kama ya sengi wakitambaa barabarani na ndala mikononi. Baadaye zikaja zile baiskeli za miguu mitatu za kuzungusha kwa mikono, nzuri kwenye barabara lakini ndefu, haziingii jikoni wala kanisani. Sasa vimekuja viti hivi vyepesi vya kukunja, na udongo wetu mweusi wa mbuga unavimeza. Ukilowa unanata kama ugali, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono.

Nilitoa yale magurudumu mawili ya mbele nikafunga moja pana, la toroli. Nyuma nikaweka rimu za baiskeli ya mlimani, zenye matairi ya meno. Nilikuwa najisifu moyoni. Nilipokirudisha Nkololo, sengi alikijaribu hatua kumi, gurudumu likaingia kwenye ufa, kiti kikainama mbele, nikamdaka akiwa hewani.

"Umeniwekea gurudumu chini ya magoti," alisema akiwa bado mikononi mwangu. "Ulishaona ng'ombe wa mkokoteni akifungwa chini ya mkokoteni? Lisogeze mbele."

Alikuwa sahihi. Nikachomelea bomba refu, gurudumu likakaa mbali mbele ya miguu yake, na kiti hakikuinama tena hata kwenye mtaro. Ila sasa hakikuweza kukata kona kuingia mlangoni kwake. Nikasema nitakipunguza.

"Usikiguse!" alifoka. "Punguza nyumba."

Basi Jumamosi hiyo tulibomoa tofali za upande mmoja wa mlango, nikamtengenezea fremu pana. Majirani walikuja kutazama wakidhani tunahama. Sengi aliingia na kutoka mara sita, kila mara akiwapigia hodi watu ambao hawakuwemo ndani.

Pamba ilipopasuka alitaka kwenda shambani. Wanawe walisema wangemletea habari. Yeye akavaa kofia yake ya majani, akafunga kanga kiunoni na kuanza kusukuma magurudumu. Nilimfuata nyuma mikono ikiwa tayari kudaka, mpaka akageuka akaniambia nisimwekee kivuli. Mistari ya pamba yake hupandwa kwa nafasi ya kupitisha ng'ombe wa palizi, kwa hiyo kiti kilipita bila kuvunja mche.

Akasimama katikati ya weupe ule. Akanyoosha mkono wa kulia, akachuma. Akanyoosha wa kushoto, akachuma. Halafu akapiga kelele hadi wachumaji wote wakainuka.

"Njooni muone! Miaka yote nimeinama, kiuno kikikatika. Kumbe pamba inachumwa umekaa!"

Kweli, vitumba vilikuwa sawasawa na kifua chake. Alijaza mfuko uliowekwa mapajani kabla ya wifi yake kufika nusu. Wanawake walicheka wakaomba wapewe zamu ya kukalia kiti, naye akawakatalia wote. Nilisimama pembeni, macho yakinilowa, nikajifanya nakagua beringi.

Habari zikasambaa. Mwalimu mmoja wa Malampaka, ambaye naye hutumia kiti, alipakia chake kwenye lori akaja karakanani kwangu. Nilimtengenezea kama cha sengi, kisha nikampeleka Nkololo ajifunze kushuka mteremko. Sengi alimfundisha asubuhi nzima: egemea nyuma, usishike spoki, mwamini gurudumu la mbele.

"Mama, nadhani sasa nimekuzidi," mwalimu alisema, akijifuta jasho.

"Mimi?"

Hakungoja jibu. Aliachia breki, akashuka na barabara ya zahanati kanga ikipepea, kuku wakitawanyika, mwalimu akimfukuza huku akilalamika kwamba hawakuhesabu moja, mbili, tatu. Mimi nilibaki juu ya mteremko na spana mkononi, nikishangilia kama niko uwanjani, na mpaka leo hao wawili hawajakubaliana nani alifika wa kwanza.