Ndugu Kumi na Watano Redioni

Juzi, katika duka moja la Nshamba, redio ilitangaza fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na New Zealand, wachezaji kumi na watano kila upande. Muuza duka alikuwa akiishangilia New Zealand kwa kelele. Akaingia baba mkwe wake, akaona picha ya wachezaji gazetini, akagusa kwa kidole beji ya Afrika Kusini.

"Huyu si swala?"

"Ni swala, tata," mkwewe akamjibu kwa heshima ya baba.

"Mwiko wa ukoo wetu ni swala; hatumli, ndiye alama yetu. Kumbe hawa ni wa kwetu!"

Muuza duka akashusha mikono. Huku kwetu humzomei mtu wa ukoo wa mkeo mbele ya baba mkwe. Afrika Kusini walipopata pointi za ushindi, alipiga makofi kama anayepangusa unga viganjani.

Mimi, mteja niliyekuwa nikisikiliza, nikajitia mjuzi. "Mzee, hao si ndugu zako. Hao ni makaburu!"

Akanitazama kwa huruma.

"Waitu, mwenzetu, mwaka huu nimezika wanane wa ukoo wangu. Leo nimepata kumi na watano, tena wenye mabega. Unataka nichague?"

Nikapiga makofi.