Mbolea ya Ruzuku Iliyoyeyuka Mbele Yangu

Msimu ule wakala wa mbolea ya ruzuku pale Kasulu aliniambia nimeshachukua mgawo wangu. Sikuwa nimechukua hata kiganja. Nilirudi Heru Juu mikono mitupu, na mahindi yangu yakatoka ya njano, membamba, hayana hata magunzi ya maana. Wanangu walikula mihogo mwaka mzima, nami kila nilipoimenya nilimkumbuka yule bwana.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, lori lake lilikwama kwenye tope mbele ya nyumba yangu, likielekea Manyovu, mpakani. Sote tulijua kwamba mbolea yetu ilikuwa inauzwa ng'ambo ya mpaka. Vibarua walishusha mifuko ili lori lipungue uzito, na mingine ikachanika. Wingu lilikuwa limetanda. Wakala akaja mbio barazani kwangu, nilikokuwa nimeketi na mume wangu kando ya turubai letu la kuanikia mihogo.

"Mama, naomba uniazime hilo turubai, mbolea italowa!"

"Mbolea ya nani?" nikamuuliza.

Akavua koti, akarudi mbio kwenye mifuko. Majirani waliokuwa wakitoka shambani walisimama na majembe yao mabegani, na hakuna aliyesogea kumsaidia.

Mvua ikashuka. Nilitazama mbolea ikiyeyuka na kutiririka mtaroni, nyeupe kama maziwa, naye akihangaika kuikinga kwa koti lake.

"Yatosha sasa, mpe," mume wangu akaninong'oneza.

Nikalivuta turubai, nikalikalia. Sijajuta mpaka leo, na akikwama tena nitaketi palepale.