Kiti cha Karibu na Gia

Mume wangu alikuwa dereva wa pikapu ya bomani Handeni, enzi za Mwingereza. Jioni moja akaniambia kwamba kesho yake angemzungusha memsahibu kutazama mambo ya kale. Sikuuliza mambo gani ya kale. Niliuliza nani atawaonyesha njia. Akamaliza kwanza uji wake, akaweka bakuli chini, kisha akamtaja mwanamke ambaye sikutaka jina lake liingie ndani ya nyumba yangu. Alimtaja polepole, na kwa upole mwingi kuliko ilivyohitajika.

Memsahibu alikuwa mke wa bwana mmoja wa bomani, mama mrefu mwenye kofia pana, na alipenda kuchora magofu. Huyo wa pili ndiye aliyenikosesha usingizi. Alikuwa mjukuu wa jumbe wa zamani. Babu yake alimlea na kumtembeza kila pembe, kwa hiyo makaburi, visima na mahame ya Wazigua yote aliyajua. Kabla yangu mimi, mume wangu alimposa. Mjomba wa yule binti akakataa, na kwa Wazigua mjomba akikataa, hata baba mzazi hukunja mkeka wake akaenda zake. Akaozwa Magoma. Mume wangu akazunguka na huzuni yake hadi Korogwe, akanikuta mimi kwenye kambi ya mkonge, binti wa Mnyamwezi aliyekuja manamba, kibarua wa mkataba, akanioa.

Sasa mwanamke alikuwa amerudi Handeni. Ameachwa, eda imekwisha, na yule mjomba wake wamekwisha kumzika. Dini yetu inamruhusu mwanamume wake wawili. Nani tena angesema hapana? Nilibaki mimi tu, na mimi hakuna aliyeniuliza.

"Nitakwenda nanyi," nikamwambia mume wangu. "Memsahibu anahitaji mtu wa kumbebea kikapu cha chai."

"Hajasema kwamba anahitaji."

"Atahitaji akiniona."

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kusimama kando ya pikapu, nimejifunga kanga zangu mpya, kikapu mkononi. Memsahibu akafurahi kweli, akasema jambo, jambo, akataka kukaa dirishani ili aone vizuri. Mbele palikuwa na nafasi ya watu watatu. Mume wangu kwenye usukani, memsahibu dirishani, na katikati, karibu na gia, akaingia yule mjukuu wa jumbe, akayakusanya magoti yake kwa adabu kana kwamba gia ile ni mtoto wa watu. Mimi nikapanda nyuma, kwenye bodi, pamoja na kikapu, kiti cha turubai na gurudumu la akiba.

"Mtani," yule mwanamke akaniita kabla gari halijaondoka, ameigeuza shingo yake ndefu, "umekuja kunichunga?"

"Nimekuja kuchunga gari," nikamjibu. "Mzigua akionyeshwa gari hudhani ni mbuzi, ataliingiza zizini kwake."

Wakacheka wote. Ndiyo, tulikuwa watani, mimi na yeye, na mimi na ukoo mzima wa mume wangu. Wanyamwezi walipita nchi ile na misafara tangu zamani, mizigo kichwani, wakizikana na Wazigua na kuchokozana nao, mpaka utani ukawa sheria. Mtani unamwita mwizi mbele ya wakwe zake na hakasiriki. Unamnyang'anya kuku na hakushtaki. Ni neema kubwa, ila ina kasoro moja: ukisema kweli, hakuna anayekusikia.

Tukaanza na boma lenyewe, lile la Wajerumani, kuta nene zilizowazidi umri wale waliokuwa wakizipaka chokaa. Memsahibu akachora mlango. Yule mwanamke akaeleza wapi palikuwa pa askari na wapi pa mahabusu, na mume wangu, ambaye alifanya kazi hapo kila siku ya Mungu, akasikiliza kama mgeni. "Ala!" akasema. "Kumbe!" Nyumbani kwangu nilikuwa sijamsikia akisema kumbe tangu mwaka wa arusi.

Kutoka pale tulikwenda kwenye kisima cha misafara. Kilikuwa kimejaa majani, lakini mawe ya ukingo yalikuwa bado yanang'aa kwa kusuguliwa na vibuyu. Yule mwanamke akaeleza kwamba babu zake walikichimba.

"Na waliokunywa?" nikauliza kutoka nyuma. "Hao hawana habari?"

"Waliokunywa walikunywa wakaenda, mtani," akasema. Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Nilimwangalia kisogo chake na kuona jinsi kilivyokuwa kimechongwa vizuri. Alikuwa amenyoa jana yake na mimi sikujua alinyoa kwa ajili ya safari ipi.

Njiani kuelekea Korogwe vumbi lilipanda nyuma na kunikalisha ndani yake. Kupitia kidirisha cha nyuma niliona vichwa vitatu. Kichwa cha memsahibu kilikuwa kikigeuka huku na huku. Vile viwili vingine vilitulia. Kila penye mlima mume wangu alibadili gia, na kila alipobadili gia kiwiko chake kiligusa mkono wa mtu. Njia ile ina milima, lakini siku ile nadhani aliiongeza. Palipokuwa tambarare kabisa nilisikia gari likinguruma, likishushwa gia, likipandishwa, nami nikaona ule mkono haukusogea.

Korogwe ndiko nilikozaliwa. Nilitegemea kwamba huko angalau neno litakuwa langu. Yule mwanamke akatupeleka mtoni, akaonyesha visiwa ambako zamani watu walijenga vijiji vyao katikati ya maji kwa kuwaogopa Wamasai, akaeleza jinsi walivyovuka kwa magogo na kuyavuta jioni. Memsahibu akachora mpaka chai ikapoa. Kwa mbali, ng'ambo ya mkonge, yalionekana mapaa ya kambi yetu, na nyuma yake milima ya Usambara. Nikamwonyesha memsahibu kwa kidole.

"Pale nimezaliwa mimi. Baba yangu amezikwa pale."

Akatazama, akatabasamu, akauliza kama pana gofu lolote. Mume wangu akajibu kwamba hapana, ni kambi tu. Ni kweli, ilikuwa kambi tu. Nikamwaga chai iliyopoa na kuosha vikombe kwa nguvu mpaka kimoja kikavunjika mkono. Mwanamke mwenye babu jumbe ana mambo ya kale. Mimi nina kambi.

Tulikuwa tumekwisha kugeuza kurudi Handeni yule mwanamke aliposema kwamba pamebaki mahali pamoja, karibu na barabara: mzimu wa ukoo wake, kichaka cha miti mirefu ambamo wazee wao wamelala. Ila hawezi kumwingiza mgeni yeye mwenyewe. Lazima mtani afungue njia.

"Mtani tunaye," mume wangu akasema. "Yuko nyuma anakula vumbi."

Desturi ile niliijua tangu nilipoolewa. Mwenyeji akiingiza mgeni mzimuni, wazee hukasirika. Mtani hawamkasirikii. Hukata tawi, hutangulia, huwatukana marehemu mpaka wacheke huko waliko, na njia ikawa wazi. Naye akishafungua hudai ujira wake palepale, kitu kimoja, na mwenye wafu wale hawezi kumnyima. Akidai mbuzi atapewa. Akidai kanga iliyo mwilini itavuliwa. Akitaka mtu aache jambo, litaachwa. Lakini hadai mara mbili.

Nikashuka. Nikakata tawi. Nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu, na nilikuwa nimeshiba hasira tangu asubuhi.

"Hodi, wazee wa Kizigua!" nikapaza sauti. "Amkeni, walafi wakubwa nyie, mmelala vya kutosha! Babu yangu aliwapitia hapa na mzigo kichwani mkamuuzia maji ya mvua. Leo nimewaletea mjukuu wenu. Mtazameni! Magoma wamemrudisha kwa sababu hajui kusonga ugali, sasa anatafuta jiko la mwenzake lililokwisha kuwaka. Tangu alfajiri amekaa ubavuni mwa mume wangu, goti lake limekuwa gia! Mkamateni mjukuu wenu! Mfungeni kamba! Mkimwachia, mimi nitakufa, na nikifa nitakuja kulala hapahapa katikati yenu, niseme usiku kucha, msipate usingizi mpaka kiama!"

Nilipofika kwenye nitakufa sauti ilikatika, na machozi yakashuka kwenye vumbi. Mume wangu alicheka mpaka akaushika mti. Mtani mzuri hulia, ndiyo kazi yake, na kilio changu kilikuwa cha hali ya juu. Memsahibu akamuuliza nasema nini.

"Anawasalimu wazee," mume wangu akajibu, akipangusa macho.

Memsahibu akavua kofia kwa heshima, akaingia na karatasi zake, mume wangu akamfuata na kiti cha turubai. Tukabaki barabarani wanawake wawili. Yeye hakuwa amecheka. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake na kuikunja na kuikunjua.

"Mtani," akasema chini chini, "leo hukutania."

"Nimetania."

"Haya. Umefungua njia. Dai."

Nikamtazama. Alikuwa mzuri, lazima niseme, mzuri hata kwa kuchoka. Nyuma yake pikapu ilikuwa imeachwa mlango wazi, na ndani nilikiona kile kiti, ngozi yake imebonyea kidogo mahali alipokuwa amekaa. Siku nzima macho yangu hayakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Nataka kiti chako," nikasema. "Wewe kaa nyuma."

Akangoja, kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Akashusha pumzi, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. "Chukua, mtani wangu," akasema, na kikapu changu akakipandisha mwenyewe kwenye bodi, upesi upesi, kabla sijasema neno jingine.

Nikakaa katikati. Memsahibu akashangaa, kisha akasogea akanipisha kwa ukarimu. Gari likaondoka. Mwanzoni nilijiona malkia. Nilinyoosha mgongo, nikapangusa magoti, nikaweka mkono wangu pale mkono wa mwenzangu ulipokuwa, nikangojea mlima. Mlima ukaja. Mume wangu akabadili gia kwa vidole tu, kiwiko amekibana ubavuni mwake, kama anavyopita mtu kwenye uchochoro wenye ukuta uliopakwa chokaa jana.

Kabla ya kijiji cha Sindeni mkono wake uliacha usukani, ukapanda juu, ukakishika kioo kidogo cha kutazamia nyuma, ukakiinamisha kidogo. Akatazama. Akatazama barabara, akatazama tena kioo. Mimi nilikaa kwenye bodi ile ile kutoka Handeni hadi Korogwe na kutoka Korogwe hadi mzimuni, na kioo hakikuguswa.

Watu husema nilipata mke mwenza baada ya mavuno ya mahindi, siku alipoletwa na sanduku lake na ngoma mbele. Mimi nilimpata palepale njiani. Ningemwambia kule mzimuni, "Usiolewe na mume wangu," asingeolewa, maana alikuwa mtu wa desturi na alinipa nafasi, akaningoja. Nami nikadai kiti.

Nikanyoosha mkono nikakigeuza kile kioo kitazame paani. Hakunikemea. Aliendesha mpaka barabara iliponyooka, kisha akakirudisha.