Neno Nililolipaka Asali

Kwa miaka mingi sifa iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa hii: "Wewe huwezi kujulikana kama ni mtu wa Ganze." Niliambiwa hivyo na watu wa mji wa kale wa Malindi, nami nikicheka na kushukuru, mjinga mie. Nilikuwa nimeitolea jasho sifa hiyo. Nilizifuta dz na ts za Kigiriama, lugha ya kwetu Ganze huko bara, ulimini mwangu, nikajifunza kusema taratibu na kuweka kila taadhima mahali pake. Siku moja mama yangu alinisikia nikizungumza kwenye simu, akasema mkataa kwao ni mtumwa. Nikamjibu kuwa hiyo ni kazi tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ukalimani. Mwaka ule wa uchaguzi nilichukuliwa na mgombea mmoja wa kiti cha kaunti, mwanamke wa Malindi, nimfuate vijijini na kukigeuza Kiswahili chake kiwe Kigiriama kwa ajili ya wazee. Sitasema alikuwa mtu mbaya, maana hakuwa. Alipata umaarufu pale wasichana weusi walipozuiwa kwenye lango la hoteli moja ya ufukweni huku wazungu wakipita bila kuulizwa kitu. Alikaa juani mbele ya lango lile mpaka mwenye hoteli akatoka na kuomba radhi hadharani. Kisha akaanzisha umoja wa wanawake, na kanuni ya kwanza aliiandika kwa mkono wake: atakayemtusi mwenzake kwa rangi au asili yake, awe awaye, atasimama mbele ya wanachama ajibu.

Ganze tulifika mchana, tumechelewa, na lori la maji aliloahidi likafika pamoja nasi. Wanawake walikuwa pale na madumu yao tangu alfajiri. Lori liliposimama wakalivamia, na nani asingelivamia? Mgombea alikuwa ameshika hotuba yake, jasho linamtiririka, hakuna hata mmoja anayemtazama. Maiki ilikuwa mkononi mwangu, nimeishusha. Akanigeukia akasema, "Hawa Wanyika hata kupanga foleni hawajui, wallahi."

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Nyika ni pori kavu, na Mnyika ni jina ambalo watu wa mjini walitubandika sisi wa bara zamani, wakimaanisha mshenzi, mtu asiye na adabu wala dini. Siku hizi mtu mwenye heshima zake halitamki mbele za watu.

Upande wake wa pili alisimama mwenyekiti wa kamati ya maji ya umoja ule pale Ganze, mama wa miaka sitini hivi, mkali, ambaye wengi hawakumpenda kwa sababu kila anayeruka foleni alimrudisha nyuma, hata akiwa dada yake mwenyewe. Alikuwa amemshika mgeni mkono kumkaribisha. Nilimwona akiuachia ule mkono. Akaniuliza kwa Kigiriama, kwa sauti ya kusikika na wote, mheshimiwa ametuita nani.

Nikainua maiki. Ningeweza kusema sikusikia. Badala yake nikasema, "Atu angu." Watu wangu. Nikaongeza kwamba mheshimiwa anawaomba watu wake wajipange vizuri ili kila mmoja apate. Wakapiga makofi. Tulipokuwa tukirudi, mgombea alinigusa bega garini akasema, "Ahsante, mdogo wangu. Wewe si kama wao." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliifurahia kauli ile njia nzima mpaka Malindi.

Yule mama hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwenye umoja, akiitaja kanuni ile ile ya kwanza, na baada ya wiki mbili kikao kikaitishwa Tezo, wanakokutana wanachama. Kila aliyeingia alijua kilichokuwa mezani. Ikithibitika, umoja utamwacha mgombea wake. Isipothibitika, mama atakuwa amemzulia mtu uongo uchaguzi ukikaribia, na uenyekiti wake hautabaki. Mgombea alijibu kwa utulivu, "Mimi niliwaita watu wangu. Mkalimani yupo, muulizeni." Nadhani hata yeye alikuwa ameshaanza kuamini hivyo.

Nilisimama. Mama alinitazama bila hasira, kama mtu anayengoja kupewa chenji yake dukani. Nikasema, "Alisema watu wangu."

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini nilitaka niaminiwe, nikaendelea, kwa kile Kiswahili changu kilichopigwa pasi: "Huenda mama hakusikia vizuri. Kiswahili cha Malindi si chepesi kwa watu wa kule kwetu." Baadhi ya wanawake wakacheka. Hata mimi nilitabasamu.

Mama akainuka. Akanijibu kwa Kiswahili cha mji wa kale, kizuri kuliko changu. "Mwanangu, mimi nimepika Malindi, majumbani mwa watu, miaka kumi na tisa. Neno hilo ndilo lililokuwa jina langu. Wakitaka chai huliita hilo, nami huitika." Kisha akakaa, akaweka mikono mapajani.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Wengi walimwamini mkalimani, kwani mkalimani angekuwa na sababu gani ya kusema uongo, tena Mgiriama mwenzake? Mama akaambiwa aombe radhi. Akakataa, na kabla ya wiki kwisha kamati ya maji ilikuwa na mwenyekiti mwingine. Mgombea alishinda kiti chake. Amefanya mengi mazuri tangu hapo, na kila ninapoyasikia yakisifiwa natazama chini.

Mwaka jana aibu ilinizidi, nikaenda Ganze. Nilimkuta mama uani kwake akipukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha kigoda. Nikamwambia kila kitu: neno lilivyosemwa, nilivyolipaka asali, nilivyomdhihaki kikaoni. Nililia. Na niseme kweli, nilitarajia machozi yale yatanisaidia. Yeye aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale wa Tezo."

Nikamwahidi kwamba nitakwenda. Nimeandika haya badala ya kwenda, bila jina la mgombea, bila jina la mama, bila jina langu. Wanawake wa umoja hukutana Tezo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, na kila mwezi mimi huwa na udhuru.