Suruali ya Nyapara Muhidini

Muhidini wa Sindeni alikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka siku alipopewa suruali. Kabla ya hapo alilima mahindi, akabeba mizigo ya Wazungu waliokuwa wakipima njia ya reli kutoka Tanga, na alitembea na shuka yake kama wanaume wenzake. Reli ilipofika Korogwe, mpimaji mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya akamwachia suruali ya sufi, nzito, ya rangi ya majivu, iliyoshonwa kwa ajili ya nchi ya barafu na kwa ajili ya mtu mwembamba. Muhidini hakuwa mwembamba. Alivuta pumzi akajitosa ndani.

Mzungu mwenye shamba moja la mkonge ng'ambo ya mto akamwona, akamfanya nyapara wa wakata mkonge mia moja. Muhidini hakuwa na shaka kwamba ni suruali ndiyo iliyompa cheo, hivyo hakuivua tena. Aliivaa juani, aliivaa kwenye mvua ikamkaukia mwilini, na alilala nayo, maana Mzungu angeweza kumwita wakati wowote. Mkewe Hajira, aliyehamia naye Korogwe, alimwomba walau aifue.

"Unataka niende kazini na shuka, nionekane mkata mkonge?" akamjibu.

Mwaka mzima suruali ile ilioga mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu mwenyewe aliteleza mtoni.

Basi ikaanza kumwasha. Kwanza mapajani, kidogo tu, kisha mwasho ukapanda hadi mahali ambapo nyapara hawezi kujikuna mbele ya watu mia moja. Asubuhi walipopangwa mstari, Mzungu akipita kukagua, Muhidini alisimama wima, mkono mmoja kwenye paji la uso kwa heshima, huku magoti yakisuguana yenyewe. Wakata mkonge walisema bwana mkubwa leo ana ngoma yake.

Alijifungia chooni akajitazama. Ngozi ilikuwa nyekundu, ina vipele vidogo vidogo, na kwenye kichwa cha uume palikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Alipokojoa palichoma. Hofu ikamshika kwelikweli. Akaenda kwa rafiki yake Kibwana, muuza tumbaku, ambaye hakujua lolote kuhusu mwili wa binadamu ila alikuwa na jibu la kila kitu.

"Hicho ni kisonono," alisema Kibwana bila hata kuomba kuona. "Au kaswende. Au vyote viwili. Umetembea nje?"

"Wallahi sijatembea."

"Basi kakuletea mkeo. Chukua ndimu na chumvi, sugua asubuhi na jioni."

Alisugua. Ukelele alioutoa ulisikika hadi stesheni, na abiria wawili wakabeba mizigo yao wakidhani gari moshi limewahi.

Siku ya tatu, akitembea kwa hatua fupi fupi, alimpeleka Hajira kwao Sindeni, mbele ya mjomba wa mkewe, mzee Mhina, na wazee wengine wanne.

"Mjomba, amenipa ugonjwa wa aibu," alisema. "Mavuno yakiisha naleta talaka."

Walikuwa wameishi pamoja miaka tisa. Hajira hakulia. Alimtazama mumewe akauliza swali moja tu, "Ugonjwa huo umeupata ukiwa umevaa nini?" Wazee waliona ni swali la mwanamke mwenye hasira, wakalipuuza.

Mwezi ukapita, ukaingia wa pili. Mahindi ya Sindeni yalikuwa yameanza kukauka mashinani. Nyumba ikawa kimya, uji ukaungua kila siku, na mwasho ukazidi. Muhidini alimkumbuka mkewe mpaka akaona aibu. Ndipo akaenda kwenye nyumba ya dawa karibu na stesheni, kwa Jonathan, Mshambaa aliyefundishwa uuguzi na wamisionari.

"Shikamoo, bwana nyapara. Vua."

"Nivue suruali?"

"Kwani ugonjwa uko kwenye kofia?"

Jonathan alitazama kwa makini, akanawa mikono. "Sioni usaha, kwa hiyo sidhani ni kisonono. Sioni kidonda wala tezi za kinena hazijavimba, kwa hiyo sidhani ni kaswende. Mwasho, wekundu, utando mweupe, na ngozi iliyolowa kwenye mikunjo ya mapaja: huu ni ukungu, bwana, ndugu wa ule unaoota kwenye ugali uliofunikwa ungali moto. Unapenda joto, jasho na giza. Wewe umeujengea nyumba, tena ya sufi."

"Mke wangu je?"

"Yuko wapi?"

"Sindeni. Mwezi wa pili huu."

"Na mwasho umepungua?"

"Umezidi."

Jonathan akaenda kuchukua chupa. Hapo Muhidini akaelewa. Alikuwa amelichafua jina la mke wake mbele ya wazee kwa sababu ya nguo.

Alipakwa dawa ya zambarau, akaambiwa aoshe kwa maji matupu, akaushe vizuri kabla ya kuvaa, aache ndimu, aache kujikuna, avae nguo pana. Mkewe naye aulizwe kama anawashwa. Akiwashwa atibiwe, na hilo si kosa la mtu. Mwisho akaambiwa atazame mahali anapokojoa kama sisimizi wanakusanyika, kwa sababu wenye mkojo mtamu ugonjwa huu huwarudia. Basi nyapara wa watu mia moja akachuchumaa nyuma ya nyumba kungoja sisimizi. Hawakuja.

Alikwenda kazini na kanzu pana, yenye madoa ya zambarau, akihofia cheo chake. Mzungu alipita, akamtazama, akamwita kwa jina la nyapara mwingine, kama alivyofanya kila siku.

Baada ya wiki mbili alikuwa amepona. Akaikunja suruali, akatembea nayo hadi Sindeni. Mahindi yalikuwa yanavunjwa.

"Sirudi kwa maneno ya pembeni," alisema Hajira. "Waite wazee walewale."

Wakaitwa. Muhidini akasimama. "Nilisema mke wangu amenipa ugonjwa. Si kweli. Nimemkosea, naomba radhi."

"Sasa ugonjwa ulitoka wapi?" akauliza mzee Mhina.

Akaiweka suruali chini mbele yao. Wazee walicheka mpaka mmoja akadondosha fimbo. Hajira hakucheka. Aliiokota kwa ncha ya kijiti, akaichemsha, akaianika juani siku tatu, kisha akaisokota ngata ya kubebea mtungi.

Siku hizi Hajira amerudi Korogwe, na kila asubuhi hupita na maji kando ya mstari wa kazi, suruali ikiwa kichwani. Wakata mkonge wakiiona husimama wima na kuipigia saluti, na nyapara wao huinama kukagua mche wa mkonge ambao hauna kasoro yoyote.